Kwenye zile muvi hamna mtu anayelipa

Nadhani ilikuwa '97 au '98, Mwanza, Mabatini, kwenye banda la video la mzee mmoja aliyekuwa na deki mbili na tv moja ya chogo. Kiingilio shilingi hamsini. Mkiwa watoto wawili mnapita kwa hela ya mmoja ila lazima mmoja ampakate mwenzake, kwahiyo mimi nilikuwa nampakata mdogo wangu masaa mawili mazima mpaka miguu inakufa ganzi. Jina lake hataki niliweke mtandaoni, tumuite Dogo, japo sasaivi ana mke na kitambi kidogo.

Pembeni ya tv alikuwa anasimama jamaa mmoja anatafsiri, na Kiingereza chenyewe sina hakika kama alikuwa anakijua, maana kila adui akifungua mdomo tafsiri ilikuwa "leo utanitambua". Siku hiyo ilikuwa muvi ya maroboti. Steringi akakatwa mkono, wenzake wakambeba mbio wakamlaza kwenye kitu kama jeneza la kioo, mwanga wa bluu ukapita kuanzia kichwani mpaka miguuni, mlango ukafunguka fyuuu, mkono umerudi. Kovu hamna. Jamaa akaamka hapo hapo akaulizia bunduki yake.

Dogo akaniuliza kwa sauti, na sauti yake ilikuwa inabeba, "Kaka, ile mashine Bugando ipo?"

Banda zima lilicheka. Mpaka mtafsiri aliacha kutafsiri. Na mimi nilicheka, alafu nikanyamaza, kwasababu Dogo hakuwa anatania. Bugando ni hospitali kubwa ya Mwanza, na wiki iliyopita yake alikuwa amelazwa siku tano, na kichwani kwake swali lilikuwa la maana kabisa, kama kuna mashine inarudisha mkono mzima si lazima ipo na ya kurekebisha damu.

Dogo ana selimundu. Mtaani tunaita sikoseli. Kama hamjawahi kuishi na mtu mwenye sikoseli nyumba moja sijui niwaeleze vipi. Ni mtoto aliyecheza vizuri jioni, saa nane usiku anaanza kulia kwamba mifupa inauma, macho ya njano, vidole vimevimba kama ndizi mshale, mama anachemsha maji ya kumkanda, baba anatafuta usafiri. Ikinyesha mvua tunaogopa, akiogelea ziwani tunaogopa, akisahau kunywa maji tunaogopa. Majirani walikuwa na majibu yao. Wengine wakasema karogwa upande wa baba, wengine wakasema kabemendwa, mama alilia sana kwa hiyo ya pili. Kumbe jibu lilikuwa herufi moja.

Yani kweli, herufi moja. Ukiandika maelekezo yote ya kumtengeneza binadamu unapata kitabu cha herufi kama bilioni 3, na kwenye sehemu inayoeleza jinsi ya kutengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa Dogo penye A pamekaa T. Basi. Kwa kosa hilo moja himoglobini ikishaachia oksijeni inashikana shikana, seli inayotakiwa kuwa duara laini inajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo zinapokwama ndo panapouma. Mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walishaonyesha mwaka 1949 kwamba shida iko kwenye himoglobini yenyewe. 1949! Kwahiyo kujua ugonjwa ulipo tumejua siku nyingi. Kuufikia na kuugusa ndo ilikuwa hadithi ya muvi.

Sasa Desemba 2023 niko zangu kwenye daladala, Dar, foleni ya kufa mtu, naona voice note ya Dogo. Sekunde nne tu. "Kaka. Ile mashine imetoka."

Sikuhitaji kuuliza mashine gani.

Alichokuwa amekisoma ni kwamba Marekani wameruhusu dawa inaitwa Casgevy, Uingereza walishatangulia mwezi mmoja nyuma, na ni dawa ya kwanza duniani kuruhusiwa inayotumia kile kitu kinaitwa CRISPR, watu wanatamka krispa, ambacho ni mkasi wa kukata vinasaba, yani yale maelekezo ya kumtengeneza binadamu. Mkasi wenyewe hakuna aliyeubuni kutoka hewani, ni silaha ya bakteria, wanautumia kuwakatakata virusi wanaowavamia. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier mwaka 2012 wakaonyesha unaweza ukaupa maelekezo ukate pale unapotaka wewe, na 2020 wakapewa Nobeli. Miaka 11 tu kutoka karatasi ya maabara mpaka dawa kuruhusiwa. Kwa mambo ya dawa hiyo ni mbio.

Dogo ni fundi simu, ana meza yake Makoroboi, kwahiyo alivyonieleza alinieleza kifundi na mpaka leo sijasikia mtu ameeleza vizuri kuliko yeye. Anasema mtoto akiwa tumboni ana himoglobini nyingine, ya kitoto, ambayo haina lile kosa. Akishazaliwa baada ya miezi kadhaa mwili unaizima ile ya kitoto na kuwasha ya kikubwa, ndo maana wenye sikoseli wanakuwa wazima mwanzoni alafu mambo yanaanza. Sasa hawa jamaa hawakuhangaika kurekebisha ile herufi iliyokosewa. Walichofanya wametafuta swichi inayozima himoglobini ya kitoto, inaitwa BCL11A, wakaikata. "Ni kama simu ya mteja ina betri mbili," anasema, "moja mbovu na moja nzima ila nzima imezimwa na kiwanda. Mimi sihangaiki na mbovu, nakata waya unaoizima ile nzima." Mtu aliyeishia form four huyo.

Na inafanya kazi. Kwenye majaribio, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila shambulio kubwa la maumivu. Wa kwanza Marekani kupewa alikuwa Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, mwaka 2019. Nimemuangalia akiongea kwenye video mara kadhaa. Mtu anaelezea kuamka asubuhi bila maumivu kama anaelezea nchi ya kigeni aliyohamia.

Ila jeneza la kioo hamna. Hapa ndo muvi zilitudanganya. Kwanza unachujwa damu mara kadhaa wakusanye zile seli mama zinazozaa damu, zinapelekwa maabara zinakaa miezi zikikatwa na kukaguliwa. Zikiwa tayari unapewa kemo kali ya kuua uboho wako wote wa zamani, yani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, nywele zinaondoka, mdomo unajaa vidonda, kinga inakuwa sifuri, na kwa wanawake na wanaume kuna hatari ya kutopata watoto tena. Ndo unarudishiwa zako kwa dripu, alafu unakaa hospitali mwezi au zaidi ukisubiri zishike. Mwanga wa bluu haupiti popote.

Alafu bei. Dola milioni 2.2. Dogo alivyofika hapo kwenye kusoma alinipigia kabisa, video call, anacheka yule mtu. "Nimepiga hesabu kwa kalkuleta ya simu ya mteja," akasema, "ni zaidi ya bilioni tano za kwetu." Kioo cha kiswaswadu anabadilisha kwa elfu kumi. Akaanza kuhesabu vioo vingapi, nikamwambia acha.

Ndo nikaanza kuwaza kitu ambacho kimekaa kichwani mpaka leo na ndo sababu ya kuandika hii. Katika muvi zote zile nilizoangalia Mabatini nikiwa nimepakata mtu, sikumbuki hata moja ambapo steringi anatoka kwenye mashine anapewa risiti. Hakuna dirisha la malipo. Hakuna nesi anayemwambia kadi yako ya bima hii huduma haimo. Walioandika zile hadithi walipatia vitu vingi mno, simu ya mkononi, kuonana kwenye kioo na mtu aliye mbali, ndege zisizo na rubani, kuchezea vinasaba, lakini walivyokuwa wanachora kesho hawakuchora foleni. Nasema niliyoyaona mimi, najua atatokea mtu aseme kuna muvi fulani walionyesha matajiri tu ndo wana mashine, sawa, hiyo haikufika Mabatini.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Hii herufi ni ya kwetu. Kuna daktari aliitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, mwaka huo huo 1949 alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu, akakuta watu wa pwani ya Kenya na watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaobeba kinasaba cha sikoseli wanavuka 20 kwa kila 100, na kule kwenye baridi nyanda za juu hawafiki hata 1. Akajiuliza kwanini, akaona panapofanana ni mbu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba ukibeba kinasaba kimoja tu malaria inakushindwa nguvu, ukibeba viwili ndo unaumwa. Mfano wa kwanza wa wazi wa binadamu wakibadilishwa na ugonjwa, unafundishwa vyuoni dunia nzima, na umetoka kwenye vidole vya watu wa Ziwa waliochomwa sindano na mgeni. Nilimwelezea mama hii siku moja, kwamba kinasaba alichotupa kiliwakinga mababu zake na malaria, akaniangalia, akasema "kwahiyo nimshukuru nani?" akaendelea kuchambua dagaa.

Haya tuache uchungu. Kuna upande ambao kesho imefika kwetu kabla ya kufika kwao, na huu nao unatuhusu kwasababu mama ni Mkerewe.

Mwaka mmoja tulikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa bibi likizo ya Desemba, Dogo akaishiwa damu. Namaanisha kuishiwa, viganja vyeupe, anahema kama amekimbia. Kituo tulichompeleka damu ya kundi lake hamna, meli imeshaondoka, na meli ni kama masaa matatu mpaka Mwanza. Tulikaa usiku kucha tunamsubiri asubuhi ndo apande. Baba alikuwa anatoka nje kila baada ya dakika kumi kuangalia ziwa, sijui alikuwa anategemea kuona nini. Alipona, ila ule usiku kwenye familia yetu hauongelewi.

Sasa 2018 pale pale Ukerewe kampuni za Ujerumani zilifanya majaribio ya miezi sita kurusha drone zenye dawa kutoka bara kwenda kisiwani. Kilomita 60 juu ya maji, dakika 40. Inapaa wima kama helikopta ikifika juu inalaza propela inakuwa ndege. Niliona clip yake nikamtumia baba. Hakujibu siku mbili, alafu akaandika "Ingekuwa siku ile." Yalikuwa majaribio lakini, na majaribio yana tarehe ya mwisho.

Walioenda mbali ni Rwanda. Kutoka Oktoba 2016 pale Muhanga kampuni ya drone inaitwa Zipline wanarusha damu kwenda hospitali za milimani, na hapo serikali iliweka mkataba na hela, haikuwa maonyesho. Utaratibu wake naupenda kwasababu hauna mbwembwe kabisa. Nesi anaagiza kwa simu, mtu anafunga pakiti ya damu kwenye boksi, kindege kinafyatuliwa na kitu kama manati kubwa, kikifika juu ya hospitali hakitui, kinadondosha boksi na parachuti ya karatasi alafu kinageuza. Kikirudi kinanaswa mkiani na kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, kining'inie kama samaki kwenye ndoano. Ukiwa mtoto wa Mabatini unategemea drone ya kuokoa maisha iwe na taa nyekundu na sauti ya kike. Kumbe ni manati na ndoano. Na wakati huo huo nchi kubwa huko zilikuwa bado zinabishana drone iruhusiwe kupita juu ya nyumba za watu au isiruhusiwe.

Ila kitu ambacho kimemfikisha Dogo hapo alipo sio drone wala mkasi. Ni kidonge.

Haidroksiurea. Ilianza kama dawa ya kansa, Marekani wakairuhusu kwa watu wazima wenye sikoseli 1998, na unajua inafanya nini? Inaamsha ile ile himoglobini ya kitoto! Ile ile! Betri ile ile ambayo wenzetu wanaikatia waya kwa bilioni tano, kidonge kinaiwasha kidogo kidogo kila asubuhi, sio kwa asilimia kubwa kama mkasi na ukiacha kumeza inazima, lakini inawaka. Kwa miaka mingi watu walikuwa na wasiwasi kwamba huku kwetu kwenye malaria na utapiamlo inaweza ikawadhuru watoto. Mpaka ukafanyika utafiti, unaitwa REACH, watoto 606 kutoka Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, majibu yakatoka mwishoni mwa 2018, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na mpaka malaria ilipungua. Dogo kaanza kumeza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo alikuwa analazwa mara tatu nne kwa mwaka. Toka aanze, amelazwa mara mbili jumla.

Lakini nani atalipa shilingi hamsini kuangalia steringi anameza kidonge na maji glasi mbili kila asubuhi miaka ishirini? Mtafsiri angesema nini pale? "Leo utanitambua", anamwambia kidonge?

Nilimuuliza Dogo kama anakata tamaa na ile bei. Akanijibu kwa kuvuta droo. Ana makumbusho yake mle, simu zilizokufa za tangu anaanza ufundi. Akaniambia kaka, yule jamaa wa Motorola, Martin Cooper, 1973 akiwa mtaani New York alipiga simu ya kwanza ya mkononi, na mtu aliyempigia ni mshindani wake wa kampuni nyingine, kumkoga tu. (Hii anaisimulia kila mteja, nadhani ndo anachokipenda kwenye historia yote ya simu.) Ilipokuja kuuzwa miaka kumi baadae ilikuwa karibu dola 4,000, unaongea nusu saa unachaji masaa kumi. Leo bibi Nansio ana kiswaswadu kinakaa na chaji wiki na kina tochi. Na kusoma kile kitabu cha herufi bilioni 3 kwa mara ya kwanza kulimalizika 2003 baada ya miaka 13 na dola karibu bilioni 3, leo kumsoma mtu mmoja mzima ni chini ya dola elfu moja.

Nikamwambia simu na damu ni vitu viwili tofauti, simu walitushushia bei kwasababu tuko wengi wa kununua vocha. Hapo tukabishana mpaka chai ikapoa. Yeye ana imani kuliko mimi. Anafuatilia kila kitu, ananitajia kwamba 2019 taasisi za afya za Marekani na mfuko wa Gates waliweka dola milioni 200 watafute namna ya kuponya sikoseli na ukimwi kwa vinasaba kwenye nchi kama zetu, bila kemo, iwe sindano tu. Na 2025 kule Philadelphia mtoto mchanga mwenye ugonjwa wake wa nadra alitengenezewa mkasi wake peke yake ndani ya miezi kama sita, akawekewa kwa dripu, ukaenda wenyewe mpaka kwenye ini. Kwenye uboho ni kugumu kufika kuliko ini, hilo naye anakubali. Alafu hapa hapa nyumbani Dodoma, pale Benjamin Mkapa, walishaanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye sikoseli toka 2023, ila hiyo unahitaji ndugu mnayefanana tishu, na mimi na dada hatukuwahi kupimwa kwa Dogo. Tumekubaliana tutapima japo yeye ni mkubwa sana kwa sasa. Sijui kwanini tumechelewa kiasi hicho. Labda tulizoea.

Mwezi uliopita nilikuwa Mwanza. Banda la Mabatini sasaivi ni duka la miamala, pale ilipokuwa tv kuna dada anatoa na kuweka hela. Kutuma hela kwa simu, hicho nacho sikukiona kwenye muvi hata moja, walitupa meli za kwenda nyota nyingine lakini wazo la kumtumia mama elfu ishirini ukiwa chooni halikuwajia.

Nilimkuta Dogo mezani kwake amefungua simu ya mtu, chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni imebaki robo, miwani ya kukuzia usoni. Nikamuuliza, hivi wakisema leo ile mashine ipo Bugando na ni bure, unaingia?

Hakuinua kichwa.

"Waniache nayo usiku mmoja kwanza niifungue nione ndani wameweka nini."